Maziwa Huanzia Mbugani

Bariadi, kila anayetaka kukushauri kuhusu maziwa huanza na ng'ombe. Atakuuliza ni chotara wa damu kiasi gani, mbegu ilitoka kituo cha uhimilishaji cha Usa River au ni ya dume la jirani, kiwele kimekaaje, ulimnunua mnadani au kwa mtu unayemfahamu. Nilipoacha ualimu na kurudi nyumbani kufuga, ushauri wa namna hiyo niliupata asubuhi na jioni, tena bure. Aliyeniuliza jambo tofauti ni mjomba wangu, mzee aliyechunga ng'ombe wa kienyeji maisha yake yote na hajawahi kumiliki hata mmoja wa kisasa. Alimzunguka mtamba wangu, akasema ni mzuri. Kisha akauliza: "Sasa mpwa wangu, huyu utamshindisha njaa luseni au mbugani?"

Kwa Msukuma swali hilo lina majibu yaliyopangwa tangu zamani. Juu kabisa, kwenye vilima vya mawe makubwa, ni luguru. Chini yake kuna michanga, isanga na luseni, inayolimika vizuri kwa jembe la mkono lakini inayochoka upesi. Ukishuka zaidi unakutana na itogolo, wenye tabaka gumu chini linalozuia maji. Bondeni ndiko mbuga ilipo: udongo mweusi mzito ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingia mkono mzima, na mvua zikishika hunasa baiskeli, mkokoteni, hata trekta. Kuna pia ibambasi, wenye magadi, ambao mvua ikinyesha juu yake hutiririka na kwenda zake. Wataalamu wa udongo duniani wanamkumbuka Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, kwa kuandika mwaka 1935 kwamba udongo wa Afrika Mashariki hufuatana kwa mpangilio uleule kutoka kilimani hadi bondeni. Wazee wetu walikuwa wakilima na kuchunga kwa kufuata mpangilio huo kabla Milne hajazaliwa. Yeye aliupeleka vitabuni, na kwa hilo namheshimu.

Shamba nililorithi liko upande wa Dutwa. Sehemu ndogo ni itogolo, kubwa ni mbuga, na kwa miaka mingi lilikuwa la pamba tupu. Hilo si jambo la ajabu Simiyu, mkoa unaoongoza nchini kwa pamba. Pamba ilitusomesha. Lakini shamba linalolimwa pamba mwaka hadi mwaka, masalia yake yakang'olewa na kuchomwa, hubaki bila kitu cha kujifunika. Agizo la kuchoma masalia lina sababu yake nzuri, kwa kuwa funza hujificha humo wakisubiri msimu mwingine, na simshauri mtu alikaidi. Nasema tu kwamba udongo nao ulikuwa ukisubiri hayo masalia, na haukuyapata.

Kiangazi cha kwanza kilinipa somo ambalo bado nalitumia. Hadi Mei mtamba wangu, ambaye sasa alikuwa amezaa, alikuwa akijaza ndoo kwa namna iliyowafanya majirani waje kushuhudia. Kufika Agosti alikuwa anasimama kwenye majani yanayomfika magotini, anatafuna kutwa, na maziwa yanashuka. Afisa mifugo wa kata alipopita nilimwonyesha wingi wa majani yale. Akavunja bua moja, likalia kwa ukavu, akanipa nilishike.

"Mwalimu," akasema, "ng'ombe wako hawezi kulitumia hili peke yake. Wanaolila ni vijidudu vilivyo tumboni mwake, halafu yeye anawala wao. Hawa vijidudu hujawapa chakula."

Nilimwomba aeleze taratibu, akaeleza. Tumbo la kwanza la ng'ombe ni pipa la bakteria na viumbe wengine wadogo ambao ndio wenye uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za majani. Ili wazaliane wanahitaji naitrojeni, inayopatikana kwenye protini ya malisho. Majani yakiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hupungua nguvu, majani hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hula kidogo ingawa majani yamemzunguka. Nyasi zetu za asili zikishakauka hushuka chini ya kiwango hicho kwa urahisi. Ng'ombe wa kienyeji hustahimili kwa sababu mwili wake unajua kubana matumizi, na kwa sababu hakuna anayemdai zaidi ya lita moja au mbili kwa siku. Chotara anadaiwa mara kadhaa zaidi ya hapo.

Dawa ya haraka kwetu ni mashudu ya pamba, na tunayo kwa sababu tuna vinu vya kuchambulia na kukamulia mbegu. Yana protini nyingi na maziwa hurudi. (Ndama wadogo wasipewe, mbegu ya pamba ina gosipoli, sumu ambayo matumbo yao hayajaweza kuihimili.) Tatizo la mashudu ni kwamba bei yake hupanda wakati huohuo ambapo kila mtu anayahitaji, na kuna miaka ambapo muuza maziwa wa Bariadi anafanya kazi ya kuhamisha fedha kutoka kwa mnywaji kwenda kwa muuza mashudu. Mfugaji anayetaka kubaki na kitu mkononi lazima protini nyingine iote shambani kwake. Na hapo ndipo maelezo ya afisa mifugo kuhusu tumbo yaliponipeleka kwenye udongo, kwa sababu mambo ni yaleyale. Udongo ni tumbo la pili la ng'ombe: una vijidudu vyake, vinavunja kilichokufa ili kilicho hai kipate kula, na vikikosa chakula husimamisha kazi.

Wakati huohuo chupa zilikuwa zimeingia mnadani. Wauzaji walikuja na dumu dogo la maji ya rangi ya chai wakisema ndani yake mna vijidudu hai vya kufufua ardhi. Changanya na maji, nyunyizia, subiri majani. Bei ilikuwa ya kumfanya mtu aamini kwamba kuna kitu ndani. Katika kikundi chetu cha wauza maziwa, wengi wao akina mama, mjadala ulikuwa mrefu. Mwisho mama mmoja, ambaye sote humwita mayu kwa umri wake na kwa busara zake, akasema tusibishane juu ya kitu kinachoweza kupimwa. Mwenzetu aliyekuwa ameshanunua akanyunyizia ukanda mmoja wa malisho yake, akauacha mwingine wa upana uleule pembeni. Mwisho wa mvua tulikwenda kuangalia. Hakuna aliyeweza kusema ukanda upi ulinyunyiziwa, hata mwenye chupa, na yeye ndiye aliyetamani zaidi kuuona.

Tulichokiona sote bila kuonyeshwa ni kipande kingine kabisa, mviringo wa kijani kibichi ambao majani yake yalikuwa marefu na laini, na ng'ombe walikuwa wameulamba hadi chini. Hapo zamani palikuwa na zizi. Familia ilishahamisha boma lake siku nyingi, lakini ardhi haikusahau.

Baadaye nilisoma kwamba kumbukumbu hiyo ya ardhi ni ndefu kuliko nilivyodhani. Mwaka 2018 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioongozwa na Fiona Marshall wa Washington University in St. Louis, kuhusu mahali walipoishi wafugaji wa kale katika Narok, Kenya, ng'ambo ya Serengeti kutoka kwetu. Mazizi yale yana umri kati ya miaka elfu moja na mia tano na elfu tatu na zaidi. Mpaka leo udongo wake una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko ardhi inayouzunguka, na nyasi zake bado zinawavuta wanyamapori. Wafugaji wale hawakuwa na chupa yoyote. Walikuwa na ng'ombe wanaolala mahali pamoja.

Nieleze kwa nini chupa ilishindwa, maana wapo watakaosema nadharau sayansi. Kijiko kimoja cha udongo, hata huu wetu uliochoka, kina bakteria wasiohesabika. Wanachokosa ni chakula, kivuli na unyevu. Ukiwaongezea wageni kutoka kwenye dumu, ukawamwaga juu ya ardhi tupu inayoungua jua la Bariadi, umeongeza midomo penye njaa. Wengi hufa kabla ya jioni. Ardhi yenye majani yaliyooza na mizizi hai kwa kawaida haina haja nao, kwa kuwa wenyeji watazaliana wenyewe.

Kuna chupa ya aina moja, au tuseme pakiti, ambayo siiweki kwenye kundi hilo. Ni ile ya bakteria wa mikunde, rizobia, wanaoingia kwenye mizizi ya jamii ya kunde, wakajenga vinundu, na humo wakachukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimetengeneza ya kwetu iitwayo Nitrosua. Kenya wanayo Biofix, iliyotokana na Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa soya zimeonyesha faida katika mashamba mengi, kwa sababu soya ni mgeni Afrika na bakteria wake mara nyingi hawamo kwenye udongo wetu. Lakini ni viumbe hai. Pakiti iliyoshinda juu ya meza ya mnadani saa sita mchana ni unga tu. Inunuliwe iliyohifadhiwa pabaridi, isomwe tarehe yake, mbegu zipakwe kivulini na kupandwa siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Na ya soya ni ya soya. Kuipaka kwenye maharage ni kupoteza fedha.

Kwa malisho tulichagua fiwi, ile ambayo wenzetu wa Arusha na Kilimanjaro huiita ngwara. Haichagui sana bakteria: hupatana na wale wa kunde ambao tayari wamo ardhini mwetu. Na hili lina kipimo kisichohitaji maabara. Fiwi ikianza kutoa maua, chimba mche mmoja kwa jembe bila kuung'oa, suuza mizizi, tafuta vinundu, vipasue kwa ukucha. Ndani kukiwa na rangi ya waridi au nyekundu, kazi inaendelea. Kukiwa na weupe au ukijani, vinundu hivyo havikupi kitu. Mayu alilipenda zoezi hili kuliko mtu yeyote. Alikuwa akipita mashamba ya wenzake akichimba na kupasua, na kama vinundu ni vyeupe humwambia mwenye shamba mbele ya watu. Kwenye itogolo tulikuta vyekundu vingi. Mbugani, mahali maji yalipotuama, vilikuwa vichache na vibovu, kwa kuwa bakteria hawa wanahitaji hewa. Tangu hapo mbugani tunapanda juu ya matuta. Palipo pazito mno tunaweka klitoria, mkunde wenye maua ya buluu unaovumilia udongo wa mfinyanzi kuliko wengi.

Kitu kingine kinachohitajika na mikunde ni fosforasi, na hapo ushauri wa vitabuni hugongana na ardhi ya Simiyu. Tunayo mbolea ya asili ya Minjingu, mkoani Manyara, iliyotokana na kinyesi na mifupa ya ndege na samaki wa ziwa la kale. Imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1980. Ni nzuri mno kwenye udongo wenye tindikali, kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha. Mbuga zetu nyingi zina chokaa na hazina tindikali, hivyo Minjingu ikitiwa humo hukaa kama ilivyo. Anayeitaka aipitishe kwanza kwenye lundo la mboji, ambamo uozaji huilainisha kiasi. Anayekuuzia bila kukuuliza udongo wako ni wa namna gani anauza mfuko tu.

Nimefika kwenye samadi. Msomaji wa mbali atashangaa kwamba watu wenye ng'ombe wengi kama sisi tulilazimika kujifunza kuitumia. Nilimuuliza mjomba kwa nini baba zao walikuwa wakihama zizi likijaa badala ya kubeba samadi kwenda shambani. Akacheka.

"Samadi tuliijua," akasema. "Ilikuwa ya amri."

Alikuwa akisema juu ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya. Ulikuja na sheria nyingi: matuta ya kuzuia maji, kupunguza mifugo, na sehemu ya shamba kutiwa samadi. Asiyetimiza alitozwa faini. Kitaalamu mengi ya mambo hayo yalikuwa sahihi. Lakini mtu akishabebeshwa samadi kwa kuogopa faini, siku amri inapoondoka ataiweka chini, na wanawe watarithi chuki bila kujua ilitoka wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 upinzani dhidi ya sheria hizo uliungana na siasa ya uhuru, na hakuna aliyezililia. Naamini ipo sehemu ya uvivu wetu wa samadi inayotoka huko. Sehemu nyingine ni uzito: samadi ni nzito, shamba liko mbali, na mkokoteni wa maksai si wa kila mtu.

Samadi iliyokaa zizini juani, ikanyeshewa, tayari imepoteza kilicho bora. Karibu nusu ya naitrojeni inayomtoka ng'ombe, au zaidi, hutoka kwenye mkojo, na mkojo ukianguka kwenye ardhi iliyokanyagwa hugeuka hewa ile inayokuchoma pua asubuhi. Harufu hiyo ni maziwa yako yanapaa. Kwa hiyo banda letu tunalitandika majani makavu, mabua ya mahindi na ya mtama, unene wa kutosha kunywa mkojo wote. Matandiko yakilowa huondolewa na kurundikwa chini ya mti, yakafunikwa kwa nyasi, yakageuzwa na kunyunyiziwa maji yakikauka. Ndani ya siku chache lundo hupata joto la kutosha kumuunguza mtu anayetia mkono, na joto hilo huua mbegu nyingi za magugu, ambazo ndizo wazee waliilaumu samadi kwazo, tena kwa haki. Mchwa ni adui wa kazi hii. Lundo likikauka watakula majani yako kabla ya bakteria. Hatuna ujanja zaidi ya unyevu na kugeuza.

Nikiulizwa matibabu ya udongo kwa njia ya viumbe hai ni nini kwa Simiyu, jibu langu ni lundo hilo. Nimeona matangazo ya vitu vyenye majina makubwa kuliko hilo na sijaona majani yaliyolishinda.

Wapo wafanyakazi wengine ambao nilichelewa kuwatazama kwa makini ingawa niliwachezea utotoni: wale dundu weusi wanaoviringisha mavi ya ng'ombe. Mtu anayetaka kujua thamani yao aende Australia. Walowezi walipeleka ng'ombe kule, lakini dundu wa huko walizoea kinyesi cha kangaruu. Mavi ya ng'ombe yakabaki juu ya malisho, yakikauka, yakiua majani yaliyo chini yake, na yakizalisha nzi wa kutisha. Ng'ombe naye hakubali kula majani yaliyouzunguka uchafu wake. George Bornemissza, mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa Hungaria, ndiye aliyeishawishi taasisi ya utafiti CSIRO iagize dundu kutoka nje, wengi wao kutoka Afrika, na kuanzia 1968 wakaanza kuachiwa mashambani. Nchi tajiri ilituma watu kuja Afrika kutafuta mdudu ambaye sisi tunamkanyaga.

Dundu huzika kinyesi kabla jua halijakikausha. Hupeleka naitrojeni kwenye mizizi, huchimba vishimo ambavyo mvua hupita kuingia ardhini, na huvunja mzunguko wa minyoo na nzi. Sasa tazama tunavyowatendea. Dawa ya minyoo ya ivermektini, ambayo wengi wetu tunaichoma ng'ombe kwa ratiba au kwa kusikia jirani kachoma, hutoka kwenye kinyesi ikiwa bado na nguvu na huua mabuu ya dundu. Sisemi iachwe, ng'ombe mwenye minyoo hatoi maziwa. Nasema achomwe anayehitaji, kwa ushauri wa mtaalamu, na si zizi zima kwa mkupuo katika wiki za mwanzo za mvua, wakati dundu wanapotoka kuzaliana. Kwenye malisho yetu unaweza kukadiria hali kwa kugeuza mavi ya juzi kwa kijiti. Yakiwa yamebaki ganda lenye vumbi na vitundu, mambo ni mazuri.

Yote niliyoyataja yanakwama kama malisho hayapati mapumziko, na hapa Wasukuma hatuna sababu ya kwenda kuazima elimu. Ngitili tunayo. Unafunga kipande cha malisho mvua zinapoanza, majani yanakua, yanatoa mbegu, mizizi inashuka, na unafungua kiangazi kikiwa kikali, ukianza na ndama, wagonjwa na wanaonyonyesha. Uhamishaji wa watu kwenda vijijini wa miaka ya 1970 ulivuruga mpango huo, kwa sababu mtu alipohamishwa ngitili yake ilibaki bila mwenyewe. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wakati ambapo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga. Simiyu ilizaliwa 2012. Jambo la busara walilolifanya HASHI ni kuifufua ngitili badala ya kuleta kitu kigeni, na kuacha sheria za kimila, kupitia baraza la dagashida na walinzi wa sungusungu, zisimamie mipaka. Mradi ulipoanza ngitili zilizokuwapo zilikuwa hekta mia chache. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kupita hekta 300,000.

Ngitili ya kienyeji, hata hivyo, huhifadhi wingi wa majani kuliko ubora wake. Ukifungua Agosti unakuta yale mabua niliyoonyeshwa na afisa mifugo. Tulichokiongeza sisi ni mikunde ndani ya ngitili: fiwi na klitoria kwenye mistari iliyokwanguliwa, mboji kidogo kwenye mstari, na kipande kimoja tunachokikata Aprili na Mei, majani yakiwa bado na maua, tukayakausha kivulini na kuyafunga. Kukata mapema kunaumiza roho ya Msukuma, kwa kuwa anaona majani yangeweza kuwa marefu zaidi. Urefu haukamuliwi. Fiwi iliyokatwa katika maua ina protini ya zaidi ya mara mbili ya kile kiwango cha asilimia 7, na vitita vichache kwa siku vinatosha kuwaamsha vijidudu wa tumboni ili hata yale mabua makavu yaliwe.

Matokeo kwenye ndoo? Maziwa ya Machi hayakuongezeka kwa kiasi cha kujivunia, kwa sababu Machi kila mtu ana maziwa. Tofauti ilionekana Agosti hadi Oktoba, miezi ambayo zamani tulikuwa tukiwaambia wateja wa mjini wavumilie. Kushuka kukawa kidogo, mashudu tukanunua machache, na ng'ombe wakawa wanashika mimba mapema zaidi baada ya kuzaa. Hili la mwisho ndilo lenye fedha nyingi kuliko yote, na ndilo watu husahau kulihesabu. Lambo letu nalo limekuwa likijaa tope polepole kuliko la jirani ambaye mteremko wake umebaki wazi.

Wilayani Meatu kuna somo linalokaribiana na letu. Tangu 1994 wakulima wa huko wamekuwa wakilima pamba hai chini ya bioRe, bila viuatilifu vya viwandani, kwa samadi, kubadilisha mazao na alizeti za kuwatega wadudu. Kwa mfugaji hilo si habari ya pamba peke yake. Ng'ombe wetu wote huingia mashambani baada ya mavuno, na anayekamuliwa hapaswi kula masalia ya shamba lililopigwa dawa juzi. Penye pamba hai hofu hiyo haipo. Meatu hiyohiyo ndiyo iliyopewa maziwa mkoa uliposhika kaulimbiu ya wilaya moja, bidhaa moja, wakati Maswa ikienda kwenye chaki. Kiwanda cha maziwa hakiwezi kuishi kwa maziwa ya Machi. Kinaishi au kinakufa Septemba, na Septemba huamuliwa na kilichofanyika ardhini Novemba iliyotangulia.

Kwa hiyo nina ombi kwa halmashauri zetu sita na kwa waandaaji wa Nane Nane. Viwanja vya Nyakabindi, ambavyo viliwahi kubeba sherehe za kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, kila mwaka huonyesha madume yaliyoogeshwa yakang'aa na mitamba yenye viwele vya kupigiwa picha. Wachimbe pia shimo, mita moja tu, mbugani na lingine kwenye luseni, wananchi waione mizizi ya fiwi na vinundu vyake, wapasue wenyewe kwa ukucha. Waweke lundo la mboji lenye moto ndani na mavi yenye dundu. Wawape wauza chupa ukanda mmoja wa kunyunyizia na mwingine wa kuacha, na matokeo yatangazwe kwa kipaza sauti mbele ya watu wote.

Na kwako mfugaji, ukiwa Itilima, Busega au hapa Bariadi: usingoje Nane Nane. Mvua za kwanza zikianguka ndio wakati wa kufunga ngitili na kupanda fiwi. Anayefunga Januari ameshachelewa.